Mwalimu Eufrasia na Ufunguo wa Sanduku la Baba

Baba Paroko, Maalim Kheir na walimu wenzetu, majirani wa Kikwajuni, na nyinyi ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka yenu mkaja kukaa nasi kwenye majamvi tangu juzi, asanteni kwa kufika. Mimi naitwa Konsolata Damiani, mdogo wake marehemu, na sisi kwa baba na mama tulikuwa wawili tu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nikakataa mara mbili, shemeji yangu Kornel akasema hakuna aliyebaki anayemjua tangu mwanzo isipokuwa mimi, na hapo nikakubali. Namjua kweli. Vilevile nimemwonea kijicho miaka hamsini na mitatu, na nimeamua kulisoma na hilo mbele yenu, kwa kuwa nikiliruka, yatakuwa maisha ya mtu mwingine, na sitaweza kumjibu Bi Amne, muuza mchicha wa Darajani, ambaye tangu Jumatatu ananiuliza swali moja tu, kwamba Mwalimu Eufrasia kaondoka, sasa ufunguo wa mwanawe Mwanakhamis ataupokea nani. Nitalifikia. Naomba mnistahamilie.

Marehemu Eufrasia Damiani Mkwama alizaliwa nyumbani kwetu Kikwajuni, mjini Unguja, alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1968, Jumapili ya Pasaka, kengele za kanisa la Minara Miwili zikilia, na mama yetu marehemu Bi Roza aliisimulia habari ya kengele hizo kila Pasaka mpaka alipofumba macho. Mimi nilizaliwa tarehe 9 Novemba 1971, Jumanne, na siku moja nilipomuuliza mama siku yangu kulikuwa na nini, alifikiri kidogo, akasema umeme ulikatika. Eufrasia alibatizwa Minara Miwili tarehe 26 Mei 1968, kwa gauni jeupe ambalo na mimi nilikuja kubatizwa nalo baadaye, lakini wakati huo kola yake ilikuwa imeshakuwa ya manjano.

Baba yetu, Mzee Damiani, alikuwa fundi seremala wa milango, kiwanda chake kikiwa Malindi, na wengi wenu humu mnaingia na kutoka majumbani mwenu kwa milango aliyoichonga. Zana zake alizitia katika sanduku la msaji, na ufunguo wa sanduku lile, ufunguo wa shaba wenye kichwa cha mviringo, aliuvaa shingoni kwa kigwe cheusi. Kila Jumamosi alimwita mtoto mmoja akamvulia ufunguo ule, afungue sanduku na kumpa patasi na randa, na mtoto huyo alikuwa Eufrasia, kwa sababu Eufrasia alirudisha kila kitu pale pale alipokitoa. Mimi niliitwa mara moja, nikaiangusha patasi kwenye sakafu ya saruji ikapasuka makali, na sikuitwa tena. Baba hakunigombeza hata kidogo, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Marehemu alianza skuli ya msingi hapa mjini mwaka 1975, akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1986, akaingia Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, Beit-el-Ras, Septemba 1987, akatoka Juni 1989 na cheti kizuri sana. Mimi niliingia chuo hicho hicho miaka mitatu nyuma yake, na siku ya kwanza mkufunzi alisoma jina langu, akainua macho, akauliza kama ndiye mimi mdogo wake Eufrasia, na niliposema naam, akatabasamu kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitabasamia kwa ajili yangu mwenyewe. Msinicheke. Jambo dogo kama hili likirudiwa miaka hamsini haliwi dogo tena.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1989 akapelekwa Matemwe, akafundisha darasa la kwanza miaka tisa, watoto wa wavuvi na wa akina mama wa mwani, na huko ndiko alikojifunza kukaa na mtoto bila kusema neno. Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Bwana Kornel, fundi wa umeme, ambaye, msije mkasema nimeficha, alianza kunisalimia mimi kabla hajamsalimia yeye, naye yupo pale kiti cha mbele na ataungama kwa Baba Paroko kama nimesema uongo. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Wilbard aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1998 na Tekla aliyezaliwa tarehe 17 Januari 2001. Mimi sikujaaliwa. Tarehe 5 Juni 2006 baba yetu alifariki, na asubuhi ya siku hiyo, tukiwa tumekaa naye sisi wawili, mmoja huku na mmoja kule, alivua kile kigwe shingoni mwake, na ufunguo akautia katika kiganja cha Eufrasia. Mimi nilitoka nje nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo imewaleta wengi wenu hapa. Mwaka 2012 skuli yetu ilifungua darasa mjumuisho, la kuchanganya watoto wenye mahitaji maalumu na wenzao, nami nilipewa darasa hilo, kitu cha kwanza katika maisha yangu ambacho Eufrasia hakuwahi kukishika kabla yangu. Januari 2014 Bi Amne alituletea binti yake Mwanakhamis, mwenye umri wa miaka saba, mtoto mwenye usonji, asiyesema, anayependa kupanga vifuniko vya soda kwa rangi, na mwenye tabia moja iliyotushinda, ya kujiuma mkono wa kulia, hapa chini ya kidole gumba, mpaka damu inatoka. Kwa siku alijiuma mara tano, mara sita. Wapo waliosema ana shetani, wapo waliosema hana adabu, na mimi nilikuwa katika hao wa pili. Nilimkaripia. Nilimtoa nje akae barazani peke yake mpaka atulie. Nilimpaka shubiri mkononi kama mama anavyompaka mtoto anayemwachisha ziwa, naye akairamba yote, akaniangalia, akaendelea.

Eufrasia, aliyekuwa akifundisha skuli nyingine ya mjini tangu atoke Matemwe, alihamishiwa skuli yetu tarehe 13 Januari 2015, na Maalim Kheir, mwalimu mkuu wetu, akamtia katika darasa langu, anisaidie. Anisaidie, alisema hivyo hivyo, mbele ya walimu wote, na mimi nikasema karibu dada huku roho inaniwaka moto. Wiki mbili nzima hakufanya kitu ninachokiita kazi. Alikaa nyuma na daftari la kurasa mia mbili lililopigwa mistari mitatu ya kusimama, na kila Mwanakhamis alipojiuma aliandika upande huu kilichotangulia, katikati alichofanya mtoto, na upande ule kilichofuata, pamoja na saa. Nilidhani anaandika makosa yangu. Kwa kweli alikuwa anayaandika, ila hakuwa akiyatafuta, na hiyo ndiyo tofauti yetu.

Mwisho wa wiki ya pili alinionesha. Mnajua desturi yetu, mwalimu akiingia darasani watoto wote wanasimama kwa kishindo na kupiga shikamoo kwa sauti moja, na sisi walimu wa zamani tunajivunia darasa linalosikika mpaka barabarani. Watoto wangu walikuwa arobaini na watano na walisikika mpaka Michenzani. Walimu wanaingia, wanatoka, anaingia wa kuchukua chaki, na kila mara ni shikamoo ile. Katika mara sitini na moja alizojiuma Mwanakhamis, daftari lilisema, mara arobaini na nane zilikuja mara tu baada ya salamu. Na upande wa tatu, wa kilichofuata, kulikuwa na maneno yale yale yamejipanga mstari kwa mstari, ametolewa nje, ametolewa nje, ametolewa nje barazani, kumetulia. Kelele zilimuumiza masikio, hakuwa na neno la kuomba atoke, alijiuma, na mimi nikamtoa. Yaani mwaka mzima nilidhani namwadhibu, kumbe nilikuwa namlipa, na kila nikimlipa anajifunza kwamba lugha ninayoielewa mimi ni damu.

Nilimwambia hilo haliwezekani, mtoto ni mkaidi tu, ananidharau. Akanijibu kwa sauti ile yake ya chini, "Konso, huyu hakudharau. Anakwambia kitu, na njia aliyoipata ni hiyo moja. Tumpe nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo."

Njia aliyompa ndiyo iliyonivunja moyo. Alivua shingoni ufunguo wa baba, akamvisha Mwanakhamis, akamfundisha kwamba akizidiwa autie ufunguo katika mkono wa mwalimu, na mwalimu ataupokea papo hapo, bila maswali, bila maneno, atamtoa barazani, watakaa mpaka pumzi imtulie, kisha mwalimu atamrudishia ufunguo na watarudi ndani. Nilimuuliza kwa nini ufunguo ule, madukani Darajani funguo zimejaa, akasema alijaribu kadi ya picha mtoto akaitafuna, akajaribu kijiti akakitupa, lakini ufunguo huu ni mzito, ukiukamata unajua umeukamata. Mimi mdogo wake wa damu sikuwahi kuugusa tangu baba afe, na yeye kampa mtoto wa muuza mchicha. Bi Amne, nisamehe, nilisema hivyo hivyo, moyoni.

Basi ikawa kazi. Ile shikamoo ikabadilishwa, watoto wakafundishwa kusimama polepole na kuitoa kwa sauti ya ndani, Maalim Kheir akapinga kwamba tunalea watoto wasio na heshima, na Eufrasia akamwalika aje asimame mlangoni wiki moja na daftari mkononi, akaja, na baada ya wiki hakupinga tena. Mwanzo ufunguo ulikuja mara kumi kwa siku, na mara zote kumi Eufrasia aliupokea, hata akiwa katikati ya sentensi ubaoni. Wiki zilivyopita akamzoesha kungoja kidogo, kwanza wahesabu mpaka tatu, halafu kumi, halafu amalize mstari mmoja wa vifuniko vyake. Kila akitumia ufunguo badala ya meno, Eufrasia alimpigia kiganja taratibu na kumpa kifuniko kipya cha rangi ya chungwa. Mwezi wa Machi alijiuma mara moja kwa siku, mwezi wa Mei mara moja kwa wiki, na kuanzia tarehe 10 Agosti akawa hajiumi kabisa. Alihesabu namba, alikaa darasani mpaka kengele ya mwisho. Watu wakaanza kuja kutazama, na wote waliniuliza mimi Mwalimu Eufrasia yuko wapi.

Tarehe 17 Septemba 2015, Alhamisi, walikuja walimu ishirini kutoka skuli za kaskazini na kusini kujifunza kwa Eufrasia. Alikwenda kuwapokea getini, akaniachia darasa. Na mimi, nikijua vizuri ninachofanya, nikawaambia watoto kwamba leo tuna wageni wakubwa, nataka ile shikamoo yetu ya zamani, inayosikika Michenzani. Wageni walipotia mguu mlangoni, darasa likaitoa. Mwanakhamis aliziba masikio, lakini hakujiuma, wenzangu, nawaapia mbele ya jeneza hili kwamba mtoto yule hakujiuma, alivua ufunguo wake, akapita katikati ya madawati, akaja kwangu mimi niliyekuwa karibu, akaunyoosha.

Sikuupokea. Mikono yangu niliiweka nyuma nikawaangalia wageni. Akaunyoosha tena, akaugusisha kwenye kiwiko changu, mara tatu, na mara ya tatu ufunguo ukaanguka chini, na akautia mkono wake mdomoni. Ile damu iliingia kwenye saruji ya sakafu na alama mpaka leo ipo. Nilitaka waone kwamba dada yangu hafanyi miujiza. Wakaona mtoto mwenye jeraha ambalo nimempa mimi.

Eufrasia alimtoa, akamfunga mkono kwa leso yake, na wageni akawaambia kwamba leo wamejifunza somo zuri zaidi kuliko alilolitayarisha, kwamba njia mpya ikikataliwa mtoto hurudi kwenye ile ya zamani. Hakunitaja. Nilingoja anigombeze jioni ile, nilingoja mwaka, nilingoja miaka kumi. Kitu alichofanya ni kuniuliza kesho yake kama nimekula. Mwanakhamis alirudi kwenye ufunguo baada ya wiki tatu, lakini tangu siku ile hakuuleta kwangu hata mara moja. Alikuwa tayari kuvuka uwanja mzima, apite mbele yangu, amtafute Eufrasia mpaka jikoni kwa wapishi wa uji. Nami nimekuwa nikimwangalia akipita.

Marehemu alianza kuugua Februari 2023, akagundulika na saratani ya matiti, akapasuliwa Dar es Salaam tarehe 18 Aprili mwaka huo, akarudi kazini Agosti akiwa na kofia ya kufuma, na aliendelea kumfundisha Mwanakhamis, aliyekwishakuwa msichana mkubwa, kupima mchicha na kufunga mafungu kwenye meza ya mama yake. Mwezi wa Juni mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Wiki ya mwisho aliniagiza lile daftari lake, nikamletea, akaniambia nilisome akishaondoka, na aliaga dunia Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkono wake mmoja kwa Kornel na mmoja kwangu. Usiku ule nililifungua kwenye ukurasa wa tarehe 17 Septemba 2015. Upande wa alichofanya mtoto ameandika, kajiuma, damu. Upande wa kilichotangulia ameandika, ufunguo haukupokelewa. Na chini yake, kwa kalamu nyingine, ameandika hivi, "Konso naye anaomba kitu miaka yote. Sikupata njia ya kumpa."

Jana Jumanne, jeneza lilipoingizwa nyumbani alasiri, wanakwaya walianza kuimba na akina mama wakapiga kilio, na Mwanakhamis, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi na mama yake, alisimama, akavua ufunguo, akauweka juu ya jeneza, mahali palipo na mikono ya Eufrasia. Hakuna aliyeupokea. Akauchukua akauweka tena. Mimi nikamwambia nipe mimi, mwanangu, nipe, nikamwona anarudi nyuma na mkono umeanza kupanda kwenda mdomoni. Ndipo nikakumbuka mistari mitatu. Nikafunga mdomo. Nikakaa chini kwenye saruji, nikafungua kiganja nikakiweka juu ya goti, nikaangalia sakafu, nikahesabu kimoyomoyo. Nilifika thelathini na mbili. Kisha nikasikia uzito, na ni kweli alivyosema Eufrasia, ukiukamata unajua umeukamata. Tulitoka tukakaa barazani, pumzi yake ikatulia, nikamvisha ufunguo wake, tukarudi ndani. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe nimeushika ufunguo wake, nami niliurudisha pale pale nilipoutoa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam waliompunguzia maumivu, majirani wa Kikwajuni mliopika kwa zamu bila kuambiwa, akina mama wa Darajani mliofika na vikapu, na walimu wenzangu, mliojaza kanisa hili mpaka ngazi za nje, kiasi kwamba, nitasema kweli hadi mwisho, nimelionea kijicho hata jeneza, nikajiuliza mimi nani atanijazia. Si kazi yenu kunijibu.

Naomba jambo moja. Tukimaliza hapa kengele zitagongwa na jeneza litatolewa, na kwa desturi yetu mimi nafuata nyuma ya Kornel na watoto, na kaburini natia udongo wa nne. Nafasi hiyo nampa Maalim Kheir. Kengele za Minara Miwili ni kali, na Mwanakhamis yupo kiti cha tatu, ameshaanza kukishika kigwe chake. Bi Amne, jibu la swali lako ni mimi.

Da Frasia, kengele zilikupokea na ndizo zinakusindikiza, nami nitazisikia nikiwa na Mwanakhamis nje, kwa mbali. Pumzika kwa amani, dada yangu, nimeshafungua mkono.